16S yangu ni asilimia 98.2: je, nimepata spishi mpya ya bakteria?

Swali la msomaji, mwanafunzi wa uzamili: "Daktari, nimetenga bakteria kutoka kwenye udongo. Jeni yake ya 16S (ile inayotumika kutambua bakteria) inalingana na jirani wa karibu kwa asilimia 98.2 kwenye BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano ya DNA. Wenzangu wanasema chini ya 98.65 ni spishi mpya moja kwa moja. Vipimo viwili vya kibiokemia navyo vimetofautiana. Naweza kuanza kuandika makala na kumpa jina? Kama bado, kimebaki nini?"

Ndugu, kwa namba hiyo uwezekano wa spishi mpya ni mkubwa, ila usiandike bado. Kwanza hiyo 98.2 yenyewe ihakikiwe. Ikisimama, kitakachoamua ni jenomu nzima, yaani DNA yote ya bakteria, ikilinganishwa na straini kielelezo (koo rejea za spishi) za majirani wote. Na hata hapo jina halitatambulika mpaka bakteria huyo, akiwa hai, awe amepokelewa na hazina mbili za vijiumbe (taasisi zinazohifadhi bakteria hai) zilizo katika nchi mbili tofauti. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayokwamisha watu wengi, kwa sababu huwa wanaikumbuka makala ikiwa imeshaandikwa.

Tuanze na namba. Uliza kwanza: asilimia 98.2 ya urefu gani, na dhidi ya nani? Jeni ya 16S ina besi, yaani herufi za DNA, kama 1,500. Ukiikuza kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) za 27F na 1492R na kuisoma kwa njia ya Sanger, kila upande utakupa besi 700 hadi 900 zinazoaminika. Baada ya hapo vilele kwenye grafu vinaanza kunenepa na kulaliana. Pande mbili hizo zinakutana katikati kwa shida, kwa hiyo ongeza praima moja au mbili za ndani ili kila sehemu isomwe walau mara mbili. Usilinganishe kitu chochote chini ya besi 1,400. Fanya hesabu uone kwa nini: kwenye besi 1,400, asilimia 98.2 ni tofauti 25, na 98.65 ni tofauti 19. Kati ya "mpya" na "huenda si mpya" kuna besi sita tu. Ukiacha mwisho wa mfuatano bila kuukata, palipojaa herufi N (besi isiyosomeka) na besi ambazo mashine imezibahatisha, sita hizo unazipata bila bakteria wako kuwa na upekee wowote. Fungua grafu na uipitie kwa macho, hasa pale programu inapodai kuna besi ya ziada au iliyokosekana. Sehemu nyingi za 16S hazibadiliki karibu kwa bakteria wote. Ukiona tofauti katikati ya sehemu kama hiyo, ishuku.

Ukiona vilele viwili viwili kwa mfululizo kuanzia mahali fulani na kuendelea mbele, kuna mambo mawili. Ama koloni yako si safi, ama bakteria ana nakala kadhaa za 16S na moja imepishana na nyingine kwa besi moja iliyoongezeka au kupungua. La kwanza ndilo la kawaida zaidi. Rudi kwenye sahani, chora upya mistari ya kutenganisha koloni walau mara tatu, kila mara ukichota koloni moja iliyojitenga, kisha usome tena.

Sasa, dhidi ya nani. BLAST ya kawaida inakuletea kila kilichowekwa kwenye hifadhidata, zikiwemo mifuatano ya bakteria ambao hawajawahi kuoteshwa na mingine iliyobandikwa jina lisilo lake. Jirani anayekuhusu ni straini kielelezo pekee, yaani ile straini moja ambayo jina la spishi limefungwa kwake tangu lilipotangazwa. Kwenye BLAST chagua mkusanyo wa 16S au uchuje matokeo yabaki ya vielelezo tu. EzBioCloud, hifadhidata ya mtandaoni, nayo imejengwa kwa kazi hiyo. Angalia pia kiasi cha mfuatano wako kilichofunikwa na ulinganisho. BLAST hulinganisha kipande kinachofanana tu, hivyo 99.5 inaweza kuwa ya besi 400 kati ya 1,400. Halafu chukua orodha ya majirani wote walio juu ya asilimia 97, si wa kwanza peke yake. Nitaeleza sababu hapa chini.

Kuhusu ile 98.65 ya wenzako. Mwaka 1994 kiwango kilichopendekezwa kilikuwa asilimia 97. 2006 kikapandishwa hadi kati ya 98.7 na 99. Na 2014, baada ya kulinganisha jenomu nyingi, ikapatikana 98.65. Kinachosahaulika ni kwamba kiwango hiki kinafanya kazi upande mmoja tu. Ukiwa chini yake kwa mfuatano mzuri, dai la spishi mpya lina msingi. Ukiwa juu yake, hujui kitu bado. Sporosarcina globispora na Sporosarcina psychrophila, zamani zikiwa ndani ya Bacillus, zinalingana kwa zaidi ya asilimia 99.5 kwenye 16S na bado ni spishi mbili zisizo na ubishi. Bacillus anthracis na Bacillus cereus karibu hazitofautiki kwa jeni hii. Kwa hiyo mwenzako mwenye 99.3 asikate tamaa, na wewe mwenye 98.2 usisherehekee mapema.

Twende kwenye jenomu. Kipimo cha zamani kilikuwa kuchanganya DNA ya bakteria wawili na kuona zinashikana kiasi gani; tangu 1987 mpaka wa spishi ukawekwa asilimia 70. Kazi hiyo ilikuwa ngumu na matokeo yalipishana maabara kwa maabara. Leo tunahesabu kwa kompyuta, kwa vipimo viwili. ANI ni wastani wa kufanana kwa mfuatano kati ya jenomu mbili, na mpaka wake ni asilimia 95 hadi 96. Kingine, dDDH, kinaiga kidijitali ule uchanganyaji wa zamani na kimebaki na mpaka wa 70.

Usipeleke DNA mbovu kwenye mashine ya kusoma. Kama bakteria wako ni Gram-chanya, yaani mwenye ukuta mnene, anza na lisozimu, kimeng'enya kinachokata ukuta huo, la sivyo ukuta wa seli haufunguki na utapata DNA kidogo. Kiasi kipime kwa mwanga wa floresensi na si kwa ufyonzaji wa mwanga peke yake, maana ufyonzaji unahesabu RNA pia na unaweza kukudanganya kwamba una DNA mara kadhaa ya uliyo nayo. Uwiano wa 260 kwa 280 uwe kati ya 1.8 na 2.0. Kwa jenomu ya besi milioni 5, kina cha mara 100 (kila besi isomwe wastani wa mara 100) kinahitaji besi milioni 500, sawa na jozi kama milioni 1.7 za vipande vya besi 150. Kima cha chini kinachokubalika kwa kazi ya uainishaji ni mara 50, na sioni sababu ya kubana hapo wakati bei ya kusoma imeshuka hivi.

Ukishaunganisha vipande, usikimbilie ANI. Kagua usafi kwanza, kwa sababu jenomu yenye bakteria wawili ndani yake itakupa namba nzuri isiyo na maana. Angalia ukubwa: ikiwa jamaa zake wana besi milioni 4 hadi 5 na wako ametoka na milioni 9, umesoma wawili. Angalia kina cha kila kipande: kundi moja likiwa na mara 100 na jingine mara 12, hilo la pili limetoka kwingine. Endesha CheckM, programu ya kupima ubora wa jenomu; uchafuzi uwe chini ya asilimia 5 na ukamilifu uwe juu ya 95. Kipande kimoja chenye besi 5,386 kamili chenye kina kikubwa ajabu ni karibu hakika phiX, virusi ambao DNA yao huongezwa kwenye mashine za Illumina kama kidhibiti. Kifute. Nimeona phiX ikiachwa ndani ya jenomu zilizochapishwa, na programu ikazitambua jeni zake kama za bakteria.

Ukaguzi ambao mhariri atauomba kwa vyovyote ni huu: toa 16S kutoka ndani ya jenomu na uilinganishe na ile uliyosoma kwa Sanger. Zifanane kabisa. Zikitofautiana kwa besi moja au mbili, rudi kwenye grafu ya Sanger. Mara nyingi kosa liko huko. Zikitofautiana kwa asilimia nzima, mirija imebadilishana mahali fulani, na kila ulichofanya baada ya hapo kinahusu bakteria mwingine.

Kisha pandisha jenomu kwenye TYGS, huduma ya bure ya mtandaoni ya DSMZ, hazina ya vijiumbe ya Ujerumani. Itatafuta yenyewe vielelezo vya karibu, itakokotoa dDDH na kuchora mti wa ukoo. Matokeo huja kwa fomula tatu. Ya kuripoti ni ile ya pili, inayoandikwa d4, kwa sababu haiyumbishwi na jenomu isiyokamilika. ANI ikokotoe kando. Hapa ndipo ile orodha ndefu ya majirani inapolipa: jirani wa kwanza kwa 16S mara nyingi siye wa kwanza kwa jenomu. Aliyekuwa na 97.6 anaweza, japo kwa nadra, kuwa na ANI ya 96.5 na wako, na ukimwacha nje kwa kuwa alikuwa wa nne kwenye orodha, utatangaza spishi ambayo tayari ina jina.

Tatizo jingine ni jirani ambaye jenomu ya kielelezo chake haijasomwa. Siku hizi hawa ni wachache, lakini wapo. Hakuna njia ya mkato: agiza kielelezo kutoka hazina, kioteshe, kisomwe. Utakihitaji vilevile kwa vipimo vya maabara, kwa hiyo fedha hazipotei. Kutumia jenomu ya straini nyingine yenye jina hilohilo ni hatari, kwani jina kwenye hifadhidata ni dai la aliyeiweka tu.

Matokeo ya ANI 82 na dDDH 25 hayana mjadala. Yakiwa ANI 95.4 na dDDH 62, uko kwenye eneo la mpaka, lakini dDDH iko wazi chini ya 70 na mti ukikubaliana unaweza kudai spishi. Angalia pia kiwango cha shaka kinachotolewa pamoja na namba. Kikivuka 70, tafuta ushahidi mwingine. Tofauti ya G+C (sehemu ya DNA iliyo besi G na C) inayozidi asilimia 1 ikikokotolewa kutoka kwenye jenomu inaunga mkono spishi tofauti, ingawa kutotofautiana hakuthibitishi lolote.

Vile vipimo viwili vya kibiokemia ulivyotaja nisingeviegemea hata kidogo. Ndani ya spishi moja, straini mbili hutofautiana kwa vipimo vitano bila shida. Na kama uliyalinganisha matokeo yako na yale yaliyoandikwa kwenye makala ya jirani, basi hujalinganisha bakteria; umelinganisha maabara mbili. Kielelezo na bakteria wako waoteshwe pamoja, kwenye chakula kileile, joto lilelile, siku moja.

Makosa madogo hapa ni mengi. Rangi ya Gram itumike kwa seli za saa 18 hadi 24. Gram-chanya wakizeeka hupoteza rangi na kuonekana hasi. Ukiwa na shaka, koroga koloni kwenye tone la KOH ya asilimia 3: ikivutika kama uzi unapoinua kitanzi, ukuta umepasuka, na huyo ni Gram-hasi. Kipimo cha oksidasi kisomwe ndani ya sekunde 10, na usitumie kitanzi cha nikromu, kwa sababu chuma chake hutoa chanya ya uongo. Kijiti cha mbao au plastiki kinatosha. Katalasi usiipime kwa koloni zilizotoka kwenye aga ya damu, kwani damu ina katalasi yake.

Kinachoharibu makala nyingi zaidi ni chumvi. Watu huandika "huota kwenye NaCl asilimia 0 hadi 6" huku wametumia mchuzi wa soya wa triptiki (chakula cha maabara cha kuoteshea bakteria), ambao tayari una gramu 5 za NaCl kwa lita. Sifuri yao ilikuwa 0.5, na 6 yao ilikuwa 6.5. Ama utengeneze chakula mwenyewe kutoka kiungo kimojakimoja ukiiacha chumvi nje, ama utumie chakula cha R2A, ambacho hakina NaCl kwenye fomula yake. Kwa pH ni hivyohivyo: bila bafa, bakteria anaibadilisha kwa saa chache na hujui aliota kwenye pH ipi. Tumia sitrati kwa pH 4 na 5, fosfati kwa 6 hadi 8, Tris kwa 8 hadi 9, kaboneti juu ya hapo. Kisha pima pH tena baada ya kuchemshia kwenye otoklevu, maana husogea. Kwa joto, 4 hadi 45 kwa hatua za nyuzi 5 inatosha kwa bakteria wa udongo, lakini sahani za nyuzi 4 ziache wiki tatu au zaidi kabla ya kuandika "haoti".

Asidi za mafuta za utando ndizo zenye masharti makali. Bakteria hubadilisha mafuta ya utando kufuata joto, umri na chakula, kwa hiyo seli za nyuzi 25 zikilinganishwa na za nyuzi 30 zitaonyesha tofauti ambayo si ya spishi. Chota seli kwenye sehemu ya sahani yenye koloni zilizo katika ukuaji wa kasi, kama miligramu 40 mbichi kwa sampuli, za wako na za vielelezo kwa pamoja. Kwinoni na lipidi zenye ncha, molekuli nyingine za utando, zinahitaji seli zilizokaushwa kwa ugandishaji, na hizo maabara nyingi huzituma nje. Ikiwa unadai spishi na si jenasi, usitarajie kemia hii ikutenganishe na jirani. Kazi yake hasa ni kuonyesha kwamba bakteria wako anakaa vizuri ndani ya jenasi uliyomweka.

Wakati jenomu iko kwenye foleni, tuma bakteria kwenye hazina. Kanuni inayoongoza majina ya bakteria, tangu 2001, inadai kielelezo kiwekwe katika hazina mbili za umma zilizo katika nchi tofauti, mtu yeyote aweze kukiomba bila masharti. Hazina zinazotumika sana ni DSMZ ya Ujerumani, JCM ya Japani, KCTC ya Korea Kusini, LMG ya Ubelgiji na CCUG ya Sweden. Kila moja itaotesha upya, itathibitisha 16S na usafi, ndipo itoe cheti. Hesabu wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na zaidi kama usafiri umewaua. Watauliza pia vibali vya nchi ulikochukua udongo, kwa mujibu wa Itifaki ya Nagoya inayotumika tangu Oktoba 2014. Kibali cha kuchukua sampuli kikikosekana, hazina inaweza kukataa kabisa, na kukipata baada ya miaka miwili ni kazi kuliko kukiomba mwanzo. Straini iliyowekwa chini ya hataza haikubaliki kuwa kielelezo. Nyumbani hifadhi mirija kadhaa kwa nyuzi 80 chini ya sifuri ndani ya gliseroli ya asilimia 20, katika friji mbili tofauti ikiwezekana.

Kama una straini moja tu, inaruhusiwa, lakini rudi kwenye sampuli na ujaribu kupata nyingine. Spishi iliyoelezwa kwa straini moja haisemi lolote kuhusu sifa zipi ni za spishi na zipi ni za huyo mmoja. Ukipata tatu, thibitisha kwa alama za DNA kwamba si nakala za koloni moja uliyochota mara tatu.

Jina likaguliwe kwenye LPSN, orodha ya mtandaoni ya majina ya bakteria, lisiwe limetumika. Kivumishi kifuate jinsia ya jenasi kwa Kilatini: Bacillus ni ya kiume na Pseudomonas ya kike, hivyo jina la mahali litaishia na -ensis, Flavobacterium haina jinsia, litaishia na -ense. Kujipa jina lako mwenyewe hakupendezi. Makala ikichapishwa kwenye International Journal of Systematic and Evolutionary Microbiology, jina linatambulika moja kwa moja. Ukichapisha jarida jingine, tuma nakala pamoja na vyeti vya hazina zote mbili kwenye jarida hilo la kwanza ili jina liingizwe kwenye orodha yake ya uthibitisho; bila hivyo makala ipo lakini jina halina hadhi. Kwa bakteria wasiokubali kuota kuna njia ya SeqCode, iliyoanza 2022, ambapo jenomu yenyewe ndiyo kielelezo. Wako anaota, kwa hiyo haikuhusu.

Na ikiwa jenomu itarudi na ANI ya 97 dhidi ya mmoja wa majirani, huna spishi mpya, hata 16S ikisema 98.2. Hapo shuku kwanza ile Sanger, kwa sababu mgongano wa aina hiyo ni nadra kwa mifuatano mizuri. Ukihakikisha namba zote mbili ni za kweli, angalia dDDH: ikiwa kati ya 70 na 79 au 80 unaweza kufikiria nususpishi, ila wahariri wengi hawaipendi bila tofauti za kimaumbile zinazoonekana. Vinginevyo iripoti kama straini mpya ya spishi inayojulikana, weka jenomu kwenye GenBank, hifadhidata ya umma ya mifuatano, ikiwa na jina sahihi, na endelea na sababu iliyokufanya utenge bakteria wa udongo tangu mwanzo.